Kitambaa na Kata ya Maji

Wazee wetu wa Usukuma walikuwa na njia zao za kusafisha mwili: dodoki la mgongo, jiwe la visigino, na kitambaa kilicholowanishwa cha kupangusia nyuso za watoto. Shinyanga ni nchi ya mvua haba, na kitambaa kilipendwa kwa kuwa kilibana maji. Mama aliyejitwika ndoo kutoka lambo la mbali, akawapangusa watoto wote kwa kitambaa kimoja, hakuwa mvivu. Alikuwa akipiga hesabu.

Lakini hesabu ile ilikuwa na kasoro. Kufuta huhamisha uchafu, kusuuza huuondoa. Kitambaa kimoja kikipita machoni mwa watoto watano huweza kubeba trakoma kutoka jicho hadi jicho, na ugonjwa huo ukijirudia miaka mingi hupofusha. Kule Kongwa, Dodoma, nchi kame kama yetu, watafiti waligawa dawa ya macho vijijini, kisha katika baadhi ya vijiji wakahimiza kunawa uso. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba watoto waliodumu na nyuso safi hawakusumbuliwa sana na trakoma kali. Wanakijiji walionyeshwa pia kwamba maji kidogo huosha nyuso nyingi kuliko walivyodhani.

Geita kitambaa kina hatari nyingine. Wachimbaji wadogo, kama wa Rwamagasa, wamezoea kukamulia ndani yake dhahabu iliyoshikana na zebaki. Anayefutia mikono kitambaa hicho anajipaka zebaki upya. Heri sabuni na maji ya kumiminwa, mbali na kisima. Hata hivyo, kunawa hakumkingi mtu na mvuke wa zebaki inapochomwa, maana huo huingia mapafuni. Mwaka 2020 nchi yetu iliridhia Mkataba wa Minamata, unaolenga kupunguza matumizi ya sumu hiyo.

Tangu kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, sisi walimu tumehubiri usafi. Mahubiri hayajazi ndoo. Mwaka 2009 ulipozinduliwa mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele hadi Kahama na Shinyanga, somo letu lilipata kifaa chake. Chuoni niliwaambia walimu wanafunzi: kabla hujamkemea mtoto mstarini kwa uso mchafu, muulize kwanza kwao wanateka maji wapi.