Gari Inachemsha: Ni Gasketi ya Hedi Kweli au Fundi Anabahatisha?

Leo tuache siasa kidogo, tuongelee gari.

Kuna neno moja fundi akilitamka mtu anakosa usingizi: "Gasketi imekwenda." Kaka yangu aliambiwa hivyo gari ya abiria anayoendesha ilipochemsha akitokea Nungwi. Fundi hakupima kitu, alisikiliza tu muungurumo akatoa hukumu. Hedi ikafunguliwa, gasketi ikakutwa nzima! Kumbe thermostati ndiyo iliganda, kidude kinachoenea kwenye kiganja. Siku nne gari iko juu ya mawe, pesa ya ufundi imeshaliwa, na mwenye gari anataka hesabu yake ya jioni kama kawaida. Mimi baada ya fom foo nimekaa gereji kidogo, kwa hiyo haya niliyaona kwa macho.

Kwanza tujue kitu chenyewe. Gasketi ya hedi ni bamba jembamba linalokaa kati ya bloku na silinda hedi. Linazuia moto usitoke ndani ya silinda, na linatenganisha njia za maji na njia za oili. Injini ikichemsha sana, hedi ya aluminiamu inatanuka kuliko bloku ya chuma, inapinda, gasketi inakosa kubanwa sawasawa na inaungua. Yaani mara nyingi gasketi haianzi yenyewe, kuna kitu kilichochemsha gari kabla: rejeta imeziba, feni, wota pampu, mpira umepasuka. Ukibadilisha gasketi bila kukitafuta hicho, utarudi gereji tu.

Sasa vipimo. Fanya asubuhi injini ikiwa baridi kabisa. USIFUNGUE mfuniko wa rejeta gari ikiwa ya moto. Mfuniko ulioandikwa 0.9 unabana maji mpaka yanakaribia nyuzi 120 bila kuchemka. Ukiufungua yanageuka mvuke papo hapo na uso wako uko pale pale juu.

Fungua mfuniko, jaza maji, washa gari uangalie. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa inatoka, usishtuke. Lakini yakiendelea bila kukoma, na ukikanyaga mafuta yanazidi, hiyo ni hewa ya moto kutoka silinda inaingia kwenye maji. Kisha zima, funga mfuniko, iache ipoe, uwashe tena na ushike mpira wa juu wa rejeta (angalia mkono usiguse feni wala mkanda!). Ukiwa mgumu kama jiwe ndani ya dakika moja au mbili na maji bado ya baridi, presha hiyo si ya joto. Hapo fundi ana haki ya kusema gasketi.

Oili ndiyo inayowadanganya wengi. Kweli maji yakiingia inakuwa kama chai ya maziwa. Lakini ukikuta utando mweupe chini ya mfuniko wa oili peke yake, na gari yako ni ya safari fupi fupi za Malindi na Darajani, huenda ni unyevu tu, injini haipati joto la kuukausha. Chomoa stiki. Na yenyewe ikiwa na maziwa, usiwashe tena, beringi za kranki zitakufa. Na kinyume chake: oili safi haina maana gasketi ni nzima. Inaweza kupasuka upande wa maji na silinda tu, oili isiguswe.

Moshi mweupe wa asubuhi unaopotea gari ikipata moto ni mvuke wa kawaida. Usiopotea, na maji yanapungua bila tone kuonekana chini, ndio wa kuogopa. Toa plagi uzilinganishe: silinda inayokunywa maji mara nyingi plagi yake inakuwa safi kama imeoshwa.

Ukitaka uhakika zaidi mwambie fundi apime kompresheni. Injini nyingi za petroli zilizo nzima ziko kama psi 150 hadi 200. Kinachotazamwa zaidi ni tofauti kati ya silinda na silinda. Mbili zilizopakana zikiwa chini pamoja, gasketi imekatika katikati yao. Iko pia dawa ya buluu inayowekwa kwenye mdomo wa rejeta, ikigeuka njano kuna hewa ya moto ndani ya maji.

Sasa la kwetu Unguja. Madereva tunachota maji popote, na visima vingi vya karibu na pwani, hasa kusini mashariki kule kwenye mawe ya matumbawe, vina maji ya chumvi. Chumvi inakula aluminiamu ya hedi taratibu pale pale gasketi inapokaa, na rejeta inaziba kwa kutu. Niliona hedi moja ina vishimo kama jiwe la ufukweni. Juu ya hedi kama ile gasketi mpya haiwezi kukaa. Tia kulanti, na ukikosa kabisa basi hata maji ya mvua ni afadhali.

Na ikithibitika ni gasketi, usikubali ibandikwe tu. Hedi ipimwe kwa rula ya chuma. Injini nyingi ndogo za Toyota kikomo cha kupinda ni milimita 0.05, ikizidi ipelekwe kwa fundi mashine ikasawazishwe. Boliti zikazwe kuanzia katikati kwenda nje kwa spana ya kupimia, si kwa nguvu za mkono. Dawa za kumimina kwenye rejeta zinatuliza siku mbili tatu halafu zinaziba rejeta yenyewe.

Ikikuchemkia njiani, tuseme Mahonda, simama uzime. Abiria watalalamika, waache walalamike. Usimwagie injini maji ya baridi, hedi inaweza kupasuka. Subiri ipoe kabisa ndio uongeze maji.

Mdau anayejua wapi hapa mjini wanakodisha kipimo cha kompresheni atuwekee hapo chini, maana gereji ninayoijua mimi kimeharibika.