Moto Juu, Moto Chini: Historia ya Keki ya Nyumbani Pale Nyololo

Ukipita Nyololo kwa basi la Mbeya utaona ukungu, mbao zimepangwa pembeni, wauza mahindi ya kuchoma, basi. Dakika chache tu umeshapita, unaitafuta Makambako. Wengi wanaijua kama njia panda tu, pale unapoiacha lami kuu ukielekea Igowole na Mtwango kwenye chai.

Lakini nyuma ya maduka ya barabarani, Jumamosi jioni mwezi wa saba, baridi ya Mufindi imeshika kweli kweli, kuna ua mmoja unanukia arki ya vanila. Kuna jiko la mkaa, juu yake sufuria, na juu ya mfuniko wa sufuria yamepangwa makaa mengine mekundu. Pembeni kakaa binti, kajifunga kitenge juu ya sweta, anasubiri. Kamaliza kidato cha nne, matokeo hayakumpeleka alikotaka, yupo nyumbani. Jirani akipita lazima aulize.

"Kamwene, mwanangu. Bado upo upo tu?"

"Kamwene, mama. Nipo."

Anacheka kidogo, anarudi kwenye sufuria lake. Ila hilo neno "upo upo tu" linauma, wadau. Linasema nyumbani hakuna kinachofanyika. Na hiyo keki nayo inasemwa: mambo ya mjini, kuiga wazungu, kumaliza sukari ya watu. Sasa ukiifuatilia historia ya hiyo keki, unakuta imetoka mbali sana, na waliofikisha utamu nyumbani kila hali ilipokuwa ngumu ni hao hao waliokuwa "wapo wapo tu".

MANENO YENYEWE YANASIMULIA

Anza na maneno ya jikoni. Hamira limetoka Kiarabu. Chapati limetoka India. Skonzi na keki yameletwa na Waingereza. Yaani ukisimama jikoni kwa mama yeyote Mufindi ukataja vitu vitano, umeshazunguka Bahari ya Hindi yote na Ulaya umefika.

Zamani huku juu chakula kilikuwa ugali wa ulezi, baadaye wa mahindi, na maharage, viazi, mboga za majani, ulanzi wa kushushia. Ngano ilikuja na wageni. Wamisionari wa Kijerumani waliingia Nyanda za Juu Kusini miaka ya 1890, wakafuatiwa na walowezi, na baridi ya huku iliwakumbusha kwao. Ngano ikakubali. Mpaka leo Makete na Njombe wapo wakulima wanaolima ngano kama kawaida.

Mkate wa tanuri kwa miaka mingi ulibaki kitu cha misheni na cha nyumba ya mzungu. Mashamba ya chai ya Mufindi yalianza na walowezi wa Kijerumani kabla ya Vita Kuu ya Pili, kisha kwenye miaka ya 1940 ikaingia kampuni ya Brooke Bond. Kwenye nyumba za mameneja kulikuwa na jiko la chuma lenye tanuri lake. Na aliyekuwa anapika humo, mara nyingi, alikuwa mwanaume Mwafrika. Ndiyo, mwanaume. Yule aliyeitwa "boi" hata kama ana wajukuu. Alijua kupima unga kwa jicho, alijua keki imeiva kwa kunusa tu. Jioni alirudi kwake kwenye mafiga matatu. Tanuri hana.

Sasa keki iliingiaje kwenye nyumba isiyo na tanuri?

KUPALIA: TANURI LA MASKINI LISILO LA KIMASKINI

Hapa ndipo raha ya historia ilipo. Jibu lilikuwepo siku nyingi, tena Pwani. Waswahili wana neno lao: kupalia. Unapika wali, maji yakikauka unapunguza moto wa chini, unaweka makaa juu ya mfuniko. Mkate wa kumimina nao unaiva hivyo hivyo. Moto juu, moto chini. Joto linazunguka ndani ya sufuria, linakuwa tanuri.

Na sio Waswahili peke yao. Huko Ulaya na Marekani, kabla ya majiko ya gesi na umeme, watu walioka mikate kwenye vyungu vizito vya chuma, wakipanga makaa juu ya mfuniko. Kwa hiyo anayeona binti wa Nyololo anaoka kwenye sufuria akadhani ni ushamba, akae akijua ni njia waliyoitumia mabibi wa nusu ya dunia.

Keki ya Nyololo basi ni ndoa ya vitu viwili: mapishi ya mzungu na moto wa Mswahili.

BARABARA ILIPOFIKA

Kitu cha tatu ni barabara. Mwezi wa 11 mwaka 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao, na Zambia ikajikuta njia yake ya kusini ni ya mashaka. Mafuta na shaba vikaanza kupita Tanzania, malori usiku na mchana, kwenye barabara ya vumbi na tope ambayo madereva waliiogopa kama kifo. Lami ikaja mwanzoni mwa miaka ya 1970, ndiyo hii tunayoiita TANZAM.

Dereva akisimama anataka chai ya moto na kitu cha kutafuna. Kwenye vituo vya barabara hii nzima kina mama wakakaanga maandazi na chapati. Unga wa ngano, ambao zamani ulikuwa wa misheni na wa meneja, ukawa wa mtaani. Mtoto wa kijijini akajua utamu wa andazi la moto asubuhi ya baridi kabla ya kwenda shule. Hapo hatujafika kwenye keki bado, lakini mkono umeshazoea kukanda.

MIAKA YA UNGA WA YANGA

Halafu mambo yakabana. Vita ya Kagera, mwaka 1978 hadi 1979, ililiacha taifa limechoka. Bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda, hela za kigeni hakuna, madukani patupu. Kuanzia hapo mpaka mwaka 1984 wazee wanaijua ile habari: sabuni hakuna, sukari kwa mgao, mkate kwa foleni. Watu walikuwa wanaacha jiwe kwenye foleni limshikie mtu nafasi, na jiwe linaheshimiwa! Unga wa mahindi ya njano wa msaada ukaitwa unga wa Yanga, kwa sababu ya rangi ya jezi. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine akatangaza vita na walanguzi na wahujumu uchumi, wengine wakatupa mali mitoni usiku wasikamatwe nayo.

Sasa jiulize, watoto wa miaka hiyo hawakuwa na sikukuu? Walikuwa nayo. Mabibi wanasimulia walivyochanganya unga wa mahindi na ndizi zilizoiva kupita kiasi, sukari yenyewe imo ndani ya ndizi. Upande wa Tukuyu kulikuwa na mikate ya mahindi inayofungwa kwenye majani ya mgomba na kuchemshwa. Viazi vitamu vilipondwa. Maziwa yaliyoganda hayakumwagwa, yalilainisha unga. Hakuna aliyeita "keki", lakini siku ya Krismasi mtoto alikula kitu kitamu, na alijua leo sio kama jana.

Hao kina mama hawakuandikwa popote. Vitabu vinaandika vita, mgao, mawaziri. Aliyekaa nyumbani akatoa utamu kwenye ukata hana sura hata moja ya kitabu. Majirani wa kipindi kile nao, bila shaka, walimkuta "yupo yupo tu".

Mwaka 1984 serikali ikaanza kulegeza masharti ya biashara, na mwaka 1985 alipoingia Rais Mwinyi, zama za ruksa, bidhaa zikarudi. Siagi ya kopo ikaonekana tena. Ndipo keki ya sherehe ikaanza kusambaa taratibu mpaka vijijini: harusi, kipaimara, ubatizo.

MWAKA 2020: SHULE ZIMEFUNGWA, SUFURIA LIMEFUNGULIWA

Tarehe 16 mwezi wa tatu mwaka 2020 Tanzania ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona. Kesho yake shule zikaanza kufungwa. Nchi yetu haikufungia watu ndani kama wenzetu wengine, soko liliendelea, mabasi yalipita. Lakini wanafunzi walirudi nyumbani, wa bweni na mabegi yao, mpaka tarehe 1 mwezi wa sita kwa kidato cha sita na vyuo, na tarehe 29 mwezi wa sita kwa waliobaki. Miezi mitatu na zaidi. Mabinti na wavulana ndani, mama anawaangalia, wao wanaiangalia simu.

Ulaya na Marekani wakati huo unga uliisha kwenye mashelfu, kila mtu anaoka mkate na kupiga picha. Huku nako picha zilifika. Ukiwa na bando la siku unaangalia video moja, unaandika vipimo nyuma ya daftari la Jiografia, unaanza kutafuta mayai. Tatizo likawa sukari. Ilipanda mpaka mwezi wa nne serikali ikatangaza bei elekezi kwa kila mkoa. Kwa hiyo keki ya kwanza kwenye nyumba nyingi ilianza na ugomvi mdogo: "Wewe, hiyo sukari ni ya uji wa mdogo wako!"

Lakini ilipikwa. Nyingine ziliungua chini, nyingine zilibaki mbichi katikati, zikaliwa hivyo hivyo kwa kijiko.

HUKU JUU KEKI INA TABIA ZAKE

Na hapa ndipo video za mjini zinapodanganya watu. Sehemu kubwa ya Mufindi ipo zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo keki inaumuka haraka halafu inabonyea katikati ikiwa beking pauda imezidi. Anayejua anapunguza kidogo kuliko video inavyosema. Hamira nayo haipendi baridi. Donge linaloumuka kwa saa moja Dar, mwezi wa saba Nyololo linaweza kukaa mara mbili ya hapo. Dawa yake ni kulifunika vizuri na kulikalisha karibu na jiko, sio juu yake.

Moto nao una siri. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, maana chini ndipo panapoungua. Wengine wanatandika mchanga ndani ya sufuria kubwa, wanaweka sufuria dogo la keki juu ya mchanga, joto linakuja polepole. Chini ya keki inatandikwa karatasi iliyopakwa mafuta. Kuiva kunapimwa kwa kijiti: kikitoka kikavu, tayari.

Kingine cha huku ni mbao. Shamba la Sao Hill, lililoanza kwa majaribio mwaka 1939 na kupanuka sana baada ya uhuru, limezaa viwanda vya kupasua mbao kila upande. Mabanzi na vumbi la mbao vipo. Vumbi linashindiliwa kwenye kopo, katikati inaachwa tundu kwa kutumia chupa, likiwashwa linawaka taratibu muda mrefu. Moto wa namna hiyo, usio na haraka, ndio maharage yanaoutaka, na mkaa unabaki kwa ajili ya keki.

SASA, LAZIMA IWE BIASHARA?

Siku hizi ukipika keki ikakubali, swali la pili linakuja hapo hapo: "Utaanza kuuza lini?" Nia ni njema. Wapo waliofika mbali kwa njia hiyo, wanachukua oda za harusi, wanalipia ada za wadogo zao. Hongera zao.

Ila ukiangalia historia yote hii, mpishi wa meneja wa chai, mama wa maandazi, bibi wa unga wa Yanga, unaona kitu kimoja. Sio kila utamu ulipikwa uuzwe. Mwingine ulipikwa ili watu wa nyumba hiyo, siku hiyo, wajione ni watu. Bibi aliyepondaponda ndizi mwaka 1982 hakuwa na mtaji wala wateja. Alikuwa na watoto na Krismasi.

Yule binti wa uani anaweza kuja kuuza, anaweza asiuze. Mwakani anaweza kurudia mtihani, anaweza kwenda kusomea ufundi. Hilo halijaamuliwa na linamnyima usingizi siku nyingine. Lakini jioni ile aliondoa makaa kwa koleo, moja moja, akafunua mfuniko. Keki ilikuwa imebonyea kidogo katikati. Wadogo zake walikuwa wameshajipanga na vikombe vya chai ya rangi. Bibi yake akaletewa kipande cha pembeni, kile kilichoiva sana, akakitafuna polepole akasema kimekosa chumvi kidogo, halafu akaomba kingine.

Na yule jirani wa "upo upo tu"? Alipelekewa kipande kimefunikwa kwenye sahani. Sahani ilirudi asubuhi ikiwa na mayai matatu, na salamu: "Mwambie Jumamosi ijayo aongeze sukari."

Haya wadau, keki ya kwanza nyumbani kwenu ilipikwa kwa jiko gani, na nani aliyegombezwa kwa kumaliza sukari?