Siti, jina alilopewa na mji

"Siti" ni neno lenye asili ya Kiarabu: bibi, mwanamke wa heshima. Mtoto aliyezaliwa Fumba, Unguja, takriban mwaka 1880, ambaye baadaye angekuwa mwimbaji Siti binti Saad, hakuitwa hivyo. Kwao aliitwa Mtumwa.

Sauti aliinoa njiani, akinadi vyungu vya mama yake, mzigo kichwani. Mwaka 1911 alihamia mjini, na huko Ali Muhsin, mpiga ala, akamfunza muziki. Ikaja mialiko ya wakubwa, na jina Siti likaja nayo. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili.

Linalogusa zaidi ni kwamba "binti Saad" hakulitupa. Jina la baba yake, mkulima, lilichapwa kwenye santuri hizo sambamba na Siti.