Mwanza Ilipokuwa Mwisho wa Njia

Vijana wa Kirumba hawaniamini nikiwaambia: tarehe 28 Februari 1931 ndege ya Imperial Airways iliondoka Croydon, London, na kituo cha mwisho cha njia hiyo kilikuwa Mwanza yetu. Kuanzia Khartoum, kazi ilikuwa ya ndege za Short Calcutta, zenye tumbo kama la mtumbwi; zikatua ziwani na mifuko ya barua. Hapakuwa na haraka: usiku ukiingia, safari inasimama, watu wanalala. Mwaka 1932 njia iliponyooshwa hadi Cape Town, abiria wakawa wanabadili ndege Kisumu, nasi tukarukwa. Inaniuma. Wakubwa wa Jiji, wekeni kibao pale ufukweni, watoto wetu wasome.