Damu ya Pwani, Mwana wa Gilgil

Msafiri ashukaye Kikopey, katika njia kuu ya kutoka Nairobi kwenda Nakuru, hupokewa kwanza na moshi wa nyama ya mbuzi, kisha na ubao ambao juu yake mfupa hugongwa mara mbili tatu hata uboho ukateremka. Na wachache mno miongoni mwa walao hapo hukumbuka kwamba katika uboho wa mwanadamu aliye hai ndimo zikaamo chembe shina, zile zizaazo damu yetu yote, wala kwamba jirani tu, huko Gilgil, ndiko alikolelewa aliyeifunulia dunia siri kubwa ya maradhi ya selimundu.

Huyo ni Anthony Allison, aliyezaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 na kukulia katika shamba la wazee wake lililotazama Bonde la Ufa. Mwaka 1949, akiwa mwanafunzi wa Oxford, alirejea Kenya pamoja na msafara wa chuo chake, akapima damu za makabila mbalimbali, akastaajabu kuona ya kuwa Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, katika baadhi ya jamaa, zaidi ya watu 20 katika kila 100 walikuwa na alama ya selimundu, ilhali nyanda za juu hakupatikana hata mmoja katika 100. Sababu, aliyoieleza kwa ushahidi mwaka 1954, ni malaria: airithiye alama hiyo kwa mzazi mmoja hupata kinga, bali airithiye kwa wazazi wote wawili, chembe zake nyekundu hupindika, zikaziba mishipa, akateseka viungo tangu utotoni.

Ilimu hiyo, kwa utukufu wake wote, haikumponya mtoto yeyote. Shifaa ilikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1961, mjini Toronto, wanasayansi Till na McCulloch walithibitisha kuwapo kwa chembe shina katika uboho wa panya. Mwaka 1984 ikatangazwa ya kuwa, mjini Memphis, msichana aliyepandikizwa uboho kwa sababu ya saratani ya damu alipona na selimundu yake pia. Na mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani zikaidhinisha tiba ambayo chembe shina za mgonjwa mwenyewe hutolewa, zikarekebishwa, zikarudishwa mwilini, kwa bei ya Marekani ipitayo dola milioni 2. Allison naye alikuwa na fungu lake: yeye na Elsie Eugui ndio walioitoa dawa ya maikofenoleti, iliyoidhinishwa mwaka 1995 kwa waliopandikizwa figo, na ambayo hutumika hata katika kupandikiza uboho ili mwili na kilichopandikizwa visipigane.

Mimi nahesabu kuwa hapa pana deni. Damu iliyoufunza ulimwengu ilitoka kwa watu wa Pwani na wa Ziwa, na mpaka leo ni wazazi wa huko wakeshao na watoto waliao kwa maumivu ya mifupa. Nako kwa jirani zetu Tanzania, mjini Dodoma, katika Hospitali ya Benjamin Mkapa, watoto wenye selimundu walianza kupandikizwa uboho mwaka 2023. Basi nawasihi wenye mamlaka wa Kenya, taifa na kaunti, tiba hii waifungulie mlango katika hospitali za umma, wasiwaachie wenye mali peke yao.