Kiwimbi cha Ngũgĩ

Mwaka 1980 riwaya ya Kikuyu ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Caitaani Mũtharaba-inĩ, ilichapishwa ikiwa na viwimbi vyake juu ya i na u. Karatasi haikuona shida. Kompyuta ndizo zilizoleta usumbufu.

Kompyuta haihifadhi herufi, huhifadhi namba. Mfumo wa ASCII, uliotolewa Marekani mwaka 1963, ulikuwa na nafasi 128 tu, zilizopangwa kwa mahitaji ya Kiingereza. Kiswahili kilipenya bila jasho, hata ng' yake. Kikuyu na Kikamba, vyenye ĩ na ũ, vikabaki nje.

Mwaka 1987 likaja jedwali la Latin-1, lenye nafasi 256, kuhudumia Ulaya Magharibi. Ã ya Wareno na ñ ya Wahispania zilikuwamo. Ĩ na ũ hazikuwamo. Cha ajabu, herufi hizo mbili zilipata kiti katika jedwali jingine, Latin-4, kwa ajili ya lugha ya Greenland! Wasemaji wa Kikuyu, walio wengi mara nyingi zaidi, hawakufikiriwa.

Jedwali la Unicode, lililotoka mwaka 1991, likaipa ĩ namba 297 na ũ namba 361. Katika UTF-8, njia ya kuhifadhi namba hizo iliyobuniwa mwaka 1992, kila moja huchukua baiti mbili. Programu inayozisoma baiti hizo kwa jedwali la Latin-1 huandika NgÅ©gÄ©, mithili ya tusi.

Leo simu za kawaida huzionyesha herufi hizo vizuri. Mhariri anayeliandika jina hilo bila viwimbi hana tena kisingizio.