Leza na Maambukizi ya Virusi vya Ngozi kwa Watu Wenye Upungufu wa Kinga: Historia ya Mipaka ya Tiba Tangu 1960

Historia ya leza katika tiba ya ngozi aghalabu husimuliwa kama mfululizo wa mafanikio ya teknolojia. Insha hii inajenga hoja kwamba, kwa wagonjwa wenye upungufu wa kinga, historia hiyo imekuwa pia ya kutambua mipaka: mwale huondoa uvimbe unaoonekana, lakini haurejeshi kinga inayozuia virusi.

Theodore Maiman aliunda leza ya kwanza nchini Marekani mwaka 1960. Muda mfupi baadaye Leon Goldman, daktari wa ngozi wa Cincinnati, alianza kuchunguza athari zake kwenye ngozi. Mwaka 1964 Kumar Patel alibuni leza ya kaboni dioksaidi. Mwale wake, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 10,600, hufyonzwa na maji yaliyomo katika seli hata tishu ikageuka mvuke. Hivyo ulifaa kuondoa chunjua sugu.

UKIMWI ulipotambuliwa mwaka 1981, swali la tiba lilibadilika. Chunjua na molaskamu, ambazo kwa mtu mwenye kinga timamu huweza kutoweka zenyewe, kwa wagonjwa hawa zilienea na kurudi baada ya kuondolewa, kwa kuwa virusi huweza kubaki katika ngozi inayoonekana nzima. Mwaka 1988 watafiti nchini Marekani waliripoti kukuta vinasaba vya virusi vya papiloma katika mvuke wa chunjua zilizochomwa kwa leza. Usalama wa tabibu mwenyewe ukawa sehemu ya mjadala.

Kuanzia 1996, mchanganyiko wa dawa za kufubaza VVU ulipoanza kuenea, molaskamu za wagonjwa wengi zilitoweka kadiri kinga ilivyorejea. Kwa waliopandikizwa figo njia hiyo ni finyu, maana kinga yao hudhoofishwa makusudi ili mwili usikikatae kiungo. Aidha, hatari yao ya kupata saratani ya ngozi ni kubwa. Uvimbe unaotiliwa shaka hauna budi kupimwa maabara kabla ya kuchomwa, kwani tishu iliyogeuka mvuke haiwezi kupimwa tena.

Kwa muhtasari, leza ilibaki chombo cha kupunguza mzigo wa maradhi. Thamani yake imetegemea daima hali ya kinga ya mgonjwa.